Kasongo–Kabambare: Tangazo la aliyekimbia vita lipimwe sawasawa na wimbo na biashara

Kusini mwa jimbo la Maniema, katika wilaya za Kasongo na Kabambare, redio ndiyo gazeti na ndiyo ubao wa matangazo. Kwa mzazi aliyetengana na mtoto wake njiani wakati wa kukimbia, mara nyingine redio ndiyo njia pekee ya kujua kama mtoto huyo ameonekana. Barabara ni mbovu, mtandao wa simu haufiki kila kijiji, na si kila familia ina pesa ya kununua megabaiti. Ndiyo maana jambo linaloonekana kuwa la mafundi peke yao linawahusu wasikilizaji wote: je, redio zinapima ukubwa wa sauti zinazorusha, na je, zinaandika kipimo hicho mahali?

Katika studio nyingi ndogo, kazi hiyo inafanywa kwa sikio tu. Fundi anavaa spika za masikioni, anasikiliza kidogo, anasema "iko sawa", kisha sauti inakwenda hewani. Sikio ni chombo kizuri, lakini linachoka, linazoea, na halina kumbukumbu. Sauti iliyoonekana kubwa saa mbili asubuhi inaweza kuonekana ya kawaida saa kumi na mbili jioni, baada ya fundi kusikiliza kutwa nzima. Matokeo yake anayajua kila mwenye redio ndogo: wimbo unapiga kelele, tangazo linanong'ona.

Dawa yake ipo, na si ya bei. Kila sauti inayorushwa kusini mwa Maniema, iwe ya mkubwa wa serikali, ya mwenye duka au ya mama aliyekimbia vita, ipimwe kwa kipimo kimoja, isahihishwe, na namba yake iandikwe kwenye daftari. Hilo ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la ufundi.

Tangazo linavyopotea ndani ya nyumba

Mfano mmoja unatosha. Ni jioni. Familia iliyotoka upande wa Salamabila inaishi kwa ndugu walioipokea mjini Kasongo. Nyumba ni moja, watu ni kumi na wawili, redio ni moja. Wimbo unapigwa kwa nguvu, na mwenye nyumba anapunguza sauti kwa sababu kuna mgonjwa na watoto wamelala. Baada ya wimbo linakuja tangazo: kesho asubuhi majina ya waliokimbia vita yataandikwa shuleni, na kila mkuu wa familia afike mwenyewe. Tangazo hilo lilirekodiwa kwa simu, nje ya ofisi, simu ikiwa mbali na mdomo wa msemaji. Mvua inapiga bati. Anayetambua kwamba kuna neno linasemwa anainuka kwenda kuongeza sauti. Anapofika kwenye redio, tangazo limekwisha, na biashara ya duka la simu inamlipukia masikioni. Anapunguza tena.

Kesho yake familia hiyo haiko kwenye orodha. Hakuna aliyeificha habari. Redio ilitangaza, na ikiulizwa itasema ilitangaza. Lakini kwa familia hiyo, tangazo lililorushwa bila kusikika ni sawa na tangazo lililobaki mezani. Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Basi mbiu yenyewe inapaswa kulia kwa nguvu ile ile, leo na kesho, kwa habari ya tajiri na kwa habari ya maskini.

Inafaa kukumbusha kwamba mapigano kati ya jeshi la FARDC na Mai-Mai Malaika upande wa Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, yamewahamisha wakaaji wa Kabambare mara nyingi katika miaka iliyopita. Wengine wamekimbia kutoka wilaya jirani ya Fizi, huko Kivu Kusini, na wengine kutoka jimbo la Tanganyika. Wengi wao hawakai kambini, bali katika nyumba za watu waliowapokea. Kambini, habari inaweza kupigiwa kengele na watu wote wakakusanyika. Familia zikitawanyika kata kwa kata, redio ndiyo kengele.

Betri nayo inahesabiwa

Kuna jibu ambalo wasikilizaji wamelizoea: "Mama, uongeze tu kidogo redio yako." Jibu hilo linasahau betri.

Ukubwa wa sauti unapimwa kwa desibeli. Sauti ikiongezwa desibeli 3, nguvu inayopelekwa kwenye spika inakuwa mara mbili. Ikiongezwa desibeli 10, sikio linaona kama sauti imekuwa kubwa mara mbili hivi, lakini nguvu inayohitajika ni mara kumi. Nyimbo nyingi za siku hizi zimebanwa sana zinapotengenezwa, na huwa karibu na kipimo cha −10. Tangazo lililorekodiwa kwa simu kutoka mbali linaweza kuwa kwenye −30. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ya 20, maana yake anayetaka tangazo lisikike kama wimbo anaidai redio yake nguvu mara mia moja. Redio ndogo ya betri mbili haiwezi. Spika yake itakwaruza kabla ya kufika hapo, na betri itakwisha mapema.

Kwa familia iliyokimbia na mabegi mawili, betri ni pesa ya chumvi au ya sabuni. Studio ikiacha tangazo katika sauti ya chini, inamhamishia msikilizaji kazi yake pamoja na gharama yake. Na anayelipa zaidi ni yule mwenye redio mbaya kuliko zote.

Kilele na kusikika ni mambo mawili

Mafundi wengi watasema kwamba wao wanaangalia mstari wa kijani na mwekundu unaoruka kwenye kompyuta. Ni vizuri, lakini mstari huo hausemi kila kitu.

Ndani ya kompyuta sauti ina dari. Dari hiyo inaitwa sifuri, na sauti zote ziko chini yake, ndiyo sababu namba zake zina alama ya kutoa: −3, −10, −20. Sauti ikigonga dari inakatwa kichwa, inakwaruza, na hakuna programu inayoweza kuirudisha vizuri kama ilivyokuwa. Mstari unaoruka unaonyesha hasa kilele, yaani mahali sauti ilipofika juu kabisa.

Kilele hakisemi sikio litasikia nini. Mlango uliofungwa kwa kishindo na mashine ya kusaga unga vinaweza kufika kilele kile kile. Mlango umekwisha mara moja, mashine inajaza masikio mchana kutwa. Ndivyo ilivyo kwa hotuba iliyorekodiwa uwanjani. Mtu akikohoa karibu na mikrofoni, au kidole kikiigonga, kilele kinapanda mpaka karibu na dari. Fundi anaangalia, anaona mstari umefika juu, anasema sauti inatosha. Kumbe kilichofika juu ni kikohozi, na maneno yenyewe yako chini sana.

Kwa ajili hiyo dunia ya redio na televisheni ilitafuta kipimo kingine, cha kusikika. Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa mwongozo unaoitwa BS.1770, unaoeleza namna ya kuhesabu jinsi sikio la binadamu linavyosikia ukubwa wa sauti. Mwezi Agosti 2010 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, ulitoa pendekezo lake la R 128: kila kipindi kiwe kwenye −23, na kilele chake kisipite −1. Kipimo hicho huandikwa kwa herufi LUFS.

Namna yake ya kufanya kazi inaeleweka hata bila hesabu ngumu. Kipimo hakihesabu sana mngurumo wa chini ambao sikio halilisikii vizuri, na kinazipa uzito kidogo zaidi sauti za juu ambazo sikio linazikamata haraka. Halafu kinachukua wastani wa kipande chote, toka mwanzo mpaka mwisho. Na tangu mwongozo uliporekebishwa, kinaruka sehemu za ukimya. Kwa hiyo mzee anayesema polepole, akinyamaza kwa muda kati ya maneno, hapunguziwi kipimo kwa sababu ya ukimya wake. Anapimwa kwa yale aliyoyasema.

Huko Marekani watazamaji wa televisheni walilalamika miaka mingi kwamba biashara zinapiga kelele kuliko vipindi. Desemba 2010 ilitiwa sahihi sheria ya kuzuia jambo hilo, na ikaanza kutumika Desemba 2012. Hao ni watu wenye umeme usiku na mchana, na kifaa cha mkononi cha kupunguzia sauti wakiwa wamekaa. Ikiwa wao walionekana kuwa na haki ya kulindwa, mkaaji wa Wamaza au wa Kabambare mwenye redio ya betri mbili ana haki hiyo zaidi.

Kazi yenyewe haihitaji mashine ya bei

Programu ya Audacity ni ya bure tangu ilipotolewa mwaka 2000, na inatumika katika redio ndogo nyingi za Afrika. Ina amri ya kusawazisha kiwango cha kusikika. Fundi anachagua sauti yote, anaifungua amri hiyo, anaandika namba anayotaka, na programu inainua au inashusha kipande kizima mpaka kifike hapo. Namba ambayo programu yenyewe inapendekeza ni −23, ile ile ya EBU.

Anayetaka kuiona namba kabla ya kusahihisha anaweza kuongeza kipimio cha bure ndani ya programu, kama vile Youlean Loudness Meter. Kupima faili ya dakika mbili kwa kompyuta ya kawaida hakuchukui muda mrefu.

Redio ichague namba moja na kukaa nayo. Ikichagua −23, matangazo, nyimbo, mahojiano na biashara zote ziwe −23. Kwa sauti zinazotumwa kwenye simu kupitia WhatsApp, wengi hutumia −16 kwa sababu spika ya simu ni ndogo. Hakuna ubaya, mradi faili ya hewani na faili ya simu zisichanganywe. Ubaya ni kuwa na namba tano kwa siku moja.

Kuna mambo manne ya kuangalia. La kwanza, kurekodi. Kilele kinaporekodiwa kikae kati ya −12 na −6, ili kikohozi au kicheko kisigonge dari. Mikrofoni au simu iwe kama shubiri moja kutoka mdomoni. Umbali ukiwa shubiri mbili, sauti inapungua desibeli 6 hivi, na kelele za uwanja zinabaki pale pale. Hatua moja ya mwandishi kumsogelea mama anayesema ina faida kuliko programu yoyote.

La pili, mahojiano. Kipimo cha wastani kinaweza kudanganya pale mtangazaji ana sauti kubwa na mgeni ana sauti ndogo. Faili nzima itaonyesha −23, lakini mgeni hatasikika. Maneno ya mgeni yakatwe na kupimwa peke yake, ya mtangazaji vile vile, kisha yaunganishwe.

La tatu, sauti ya mkondo mmoja, yaani mono, ambayo ndiyo ya simu nyingi. Ikipimwa kama mkondo mmoja peke yake, namba yake inakuwa chini kwa 3 kuliko ikihesabiwa kama inayotoka kwenye spika mbili. Audacity ina kisanduku cha kuchagua jambo hilo. Mafundi wote wa redio moja wakiache katika hali moja, la sivyo watabishana juu ya tofauti ambayo haipo.

La nne, kusafisha kabla ya kupima. Kikohozi, mgongo wa kidole na mlio wa simu vitolewe kwanza, maana vinachafua kilele na mara nyingine vinazuia sauti kuinuliwa inavyotakiwa.

Daftari ndilo lenye nguvu

Kusahihisha bila kuandika ni nusu ya kazi. Fundi mmoja akisafiri Kindu, mwingine anashika meza, na desturi inabadilika. Kompyuta inaharibika, inaletwa nyingine, na hakuna anayekumbuka namba iliyokuwa ikitumika. Daftari la karatasi halihitaji umeme.

Mistari yake ni michache: tarehe, jina la tangazo au kipindi, nani alirekodi na kwa kifaa gani, kipimo kabla ya kusahihisha, kipimo baada ya kusahihisha, kilele, saa ya kurushwa. Kalamu moja na dakika moja.

Baada ya mwezi mmoja daftari linaanza kusema. Litaonyesha kwamba simu ya mwandishi fulani inarekodi chini kila mara, basi abadilishiwe simu au afundishwe kuisogeza. Litaonyesha kwamba biashara fulani inaletwa ikiwa imebanwa sana. Litaonyesha kama sauti za wanawake wanaorekodiwa kwenye mikutano zinafika studio zikiwa chini kuliko za wanaume wanaokaa mezani mbele. Bila namba, mambo hayo ni ubishi wa maneno. Kwa namba, ni kazi ya kurekebisha.

Daftari linamlinda pia fundi. Msikilizaji akija na lalamiko kwamba kominike ya chanjo haikusikika, au shirika la kiutu likiuliza kama tangazo lililolipiwa lilirushwa vizuri, mkurugenzi hatalazimika kuapa. Atafungua ukurasa wa siku hiyo. Ikiwa namba ni sawa, tatizo litatafutwa kwenye mtambo wa kurushia, kwenye antena au kwenye mvua. Ikiwa namba si sawa, tangazo litarudiwa jioni ile ile.

Nani anasikika na nani hasikiki

Hapa ndipo jambo la ufundi linapogeuka kuwa jambo la watu. Sauti ndogo hazigawanyiki kwa bahati. Mkubwa wa serikali anarekodiwa ofisini, mlango umefungwa, mikrofoni mbele ya mdomo. Biashara ya kampuni inatoka Kindu au Kinshasa ikiwa imetengenezwa na watu wenye vyombo vizuri. Wimbo umebanwa tayari ili upige kelele kuliko nyimbo nyingine. Mama aliyetembea kutoka kijijini kwake mpaka mjini anarekodiwa kwa simu, amesimama kati ya watu, watoto wanalia, naye anasema kwa sauti ya chini kwa sababu ya uchovu, ya haya, au ya hofu.

Redio isipopima, sauti hizo zinafika hewani kwa utaratibu ule ule wa nguvu ulioko nje: mwenye cheo juu, mwenye pesa juu, mwenye shida chini. Hakuna mtangazaji aliyekusudia hivyo. Inatokea yenyewe, kila siku, mpaka mtu aangalie namba.

Kumweka mama huyo kwenye −23 sawa na mkuu wa wilaya hakumdharau mkuu wa wilaya. Maneno yake yatabaki yale yale, na cheo chake kitatajwa. Kinachobadilika ni kwamba mtu aliye nyumbani hatalazimika kugusa kitufe cha redio ili amsikie mwenzake aliyekimbia.

Wasikilizaji wa Kasongo wanajua sauti iliyo sawa ikoje. Tangu Februari 25, 2002, Radio Okapi imekuwa ikirusha habari kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Hakuna anayezidai redio za jamii ziwe na vyombo kama vya Umoja wa Mataifa. Zina upungufu wa mazutu, wa esansi, wa vipuri na wa mishahara. Lakini namba moja kwa vipande vyote haiongezi lita hata moja ya mazutu.

Majibu kwa wanaopinga

Kuna wanaosema umeme wa jua hautoshi, kompyuta haiwezi kuwashwa muda mrefu. Ni kweli kwamba betri za studio ni chache. Lakini tangazo tayari linapita kwenye kompyuta ili likatwe na kuhifadhiwa. Kupima kunafanyika pale pale, kabla ya kufunga faili. Na tangazo lililosikika mara moja linaokoa kurudiwa mara tano.

Wengine wanasema kuna chombo kwenye mtambo wa kurushia kinachosawazisha sauti chenyewe. Mahali kilipo, kinasaidia. Lakini chombo hicho kikipokea sauti ndogo mno kinainua pamoja nayo kelele zote za nyuma, na kikipokea sauti kubwa mno kinaibana mpaka inachosha. Kinafanya kazi vizuri kikipewa sauti ambazo tayari zinakaribiana. Si kila redio inacho, tena.

Wengine wanasema kuinua sauti kunainua kelele. Hilo ni kweli kabisa, na ni hoja ya kurekodi vizuri zaidi. Mwandishi atakayeona kwenye daftari kwamba kazi yake inafika −35 kila mara, na kwamba ikiinuliwa inajaa mvumo, atajifunza kusogeza simu. Asipoona, ataendelea.

Hoja ngumu kuliko zote ni ya pesa. Mwenye duka analipa, naye anataka biashara yake ipige kelele kuliko vyote. Redio za jamii zinaishi kwa pesa hiyo, na si haki kuwadharau wanaoitafuta. Lakini mwenye duka aambiwe ukweli: biashara inayolipuka inamfanya msikilizaji apunguze redio, na anayepunguza hasikii bei. Biashara iliyo kwenye kipimo sawa, yenye maneno mazuri, inasikika mpaka mwisho.

Mipaka ya kipimo

Kipimo hakifanyi miujiza. Hakirudishi sauti iliyogonga dari. Hakisafishi rekodi ya upepo. Hakifikishi mawimbi mahali ambapo mtambo haufiki, na kuna vijiji vya Kabambare vilivyo mbali na antena yoyote. Hakigeuzi habari ya uongo kuwa ya kweli: uvumi uliowekwa kwenye −23 unabaki uvumi, tena unasikika vizuri zaidi. Kwa hiyo kazi ya kuhakikisha habari inatangulia, kazi ya kupima inafuata.

Tena tangazo la maana halipaswi kutegemea saa moja. Familia iliyo shambani asubuhi ilisikie jioni, iliyo sokoni jioni ilisikie asubuhi. Kurudia na kupima vinasaidiana.

Kinachotakiwa kufanyika

Wakurugenzi wa redio za Kasongo na Kabambare wanaweza kuanza juma hili. Wachague namba moja, waiandike kwa kalamu nene ukutani mwa studio, wanunue daftari moja, na wamkabidhi fundi mmoja kazi ya kulitunza. Redio za wilaya hizo mbili zikikubaliana namba moja, faili zinazobadilishana zitaingia hewani bila kazi ya ziada.

Mashirika yanayolipia matangazo kwa waliokimbia vita yana sehemu yao. Mara nyingi mkataba unataja idadi ya mara tangazo litakavyorushwa, na risiti inahesabu mara hizo. Waongeze mstari mmoja: tangazo lirushwe kwenye kipimo kilichokubaliwa, na nakala ya ukurasa wa daftari iambatanishwe. Mashirika yanayotoa mafunzo kwa waandishi wa habari waweke nusu siku kwa jambo hili, pamoja na semina zao za sheria na maadili.

Klabu za wasikilizaji nazo zinaweza kufanya kazi ambayo kompyuta haiwezi. Mtu mmoja katika kila kata, mwenye redio ya kawaida, aache kitufe mahali pamoja kuanzia habari za asubuhi mpaka za jioni, na aandike ni mara ngapi amelazimika kukigusa. Karatasi hiyo ikiletwa studio kila Jumamosi na kulinganishwa na daftari la fundi, itajulikana kama kipimo cha mashine kinafika mpaka nyumbani.

Na familia zilizokimbia zisione haya kulalamika. Kusema "hatukusikia" ni kuisaidia redio kufanya kazi yake. Wakati tangazo lijalo la kuandikisha majina, la chanjo au la mtoto aliyepotea litakapoletwa studio, mtu wa kwanza kuulizwa asiwe tena fundi anayesema iko sawa. Kiulizwe kipimo, na namba yake iandikwe kabla ya tangazo kurushwa.